Pendekezo: Moshi tuwe na Njia ya Mashujaa. Minara na vibao vya vita vikarabatiwe, viwekwe mahali mtu anaweza kusimama akasoma

Mjukuu wa Keya (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Wazee wote mliomo humu, shikamooni.

Naleta hoja ya mji wetu. Nataka Moshi tuwe na njia moja ya waenda kwa miguu, yenye miti na mabenchi, ambako minara, mawe na vibao vyetu vya vita vinavyohamishika vitakarabatiwa na kupangwa, mtu atembee kutoka vita moja hadi nyingine huku anasoma. Sababu yangu ni moja tu: kumbukumbu usiyoweza kuisogelea haikukumbushi kitu. Sanamu ya askari iko kwenye kiplefti. Tunaizunguka kwa daladala na bodaboda kila siku ya Mungu, mtoto akiuliza "huyu nani?" mzazi anajibu "askari", gari limeshapita. Makaburi ya vita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yapo, lakini wenyeji wengi hawaingii kwa kuwa wanaona ni ya wageni. Wapiganaji wetu wengine wamelala vihambani, kwenye mashamba ya koo, kila ukoo na kaburi lake, na jirani wa ng'ambo ya mfereji hajui.

Na historia yenyewe ni nzito. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na vita ya kwanza ya dunia ilipoanza ndiyo iliyowaletea Wajerumani askari na chakula upande huu. Agosti 1914 wakaiteka Taveta, ng'ambo ya mpaka. Machi 1916 jeshi la Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, likapigana kwenye vilima vya Latema na Reata usiku wa tarehe 11 kuamkia 12, likaingia Moshi siku chache baadaye, na tarehe 21 kukawa na mapigano ya Kahe. Vita ya pili ikaja, vijana wa mlimani wakaingia Keya (KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika), wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska, hadi Burma.

Halafu vita ya Kagera, dhidi ya Uganda ya Idi Amin. Wengi wanasahau kwamba tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, JWTZ ikiwa tayari ndani ya Uganda, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa hapa Moshi, wakaunda UNLF, umoja wa kuikomboa Uganda, na kumchagua Yusuf Lule auongoze. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili. Serikali ya nchi jirani ilipangwa mjini kwetu, nami sijaona kibao kinachosema hivyo!

Eneo ninalolifikiria ni kandokando ya stesheni ya reli. Naombeni maoni, hasa ya wanaojua kazi za mawe na wanaojua taratibu za manispaa.

Fundi Mawe

Mkuu, hoja nzuri. Niingie upande wa kazi, maana minara mingi nchi hii imeharibiwa na watu waliotaka kuitengeneza.

Adui wa kwanza ni ndoo ya rangi ya mafuta. Sherehe ikikaribia mtu anatumwa dukani, anarudi na rangi nyeupe, mnara unapakwa kuanzia juu hadi chini na maandishi yanazibwa humo humo. Jiwe linanyonya maji ya mvua na linatakiwa liyatoe. Ukiliziba kwa rangi ya mafuta, maji yanabaki ndani, na baada ya masika kadhaa uso wa jiwe unaanza kubanduka vipande. Sementi inafanya uharibifu kama huo. Mawe ya zamani yalijengwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko jiwe, hivyo ikitokea mtikisiko inapasuka chokaa na jiwe linasalimika. Ukija kujaza viungo kwa sementi ngumu ya leo, kinachopasuka ni jiwe. Viungo vya chokaa vitengenezwe kwa chokaa, basi.

Usafishaji ni maji safi na brashi laini ya plastiki au ya nyuzi. Hakuna brashi ya waya. Hakuna asidi ya kusafishia vyoo. Hakuna kupiga mchanga kwa kompresa, utaondoa uchafu pamoja na majina. Herufi zilizofifia msikimbilie kuzichimba upya, kwanza wekeni karatasi juu yake mkwaruze kwa penseli ya makaa, picha ya herufi itatoka. Nimeona majina yaliyodhaniwa yamefutika yakisomeka hivyo, na hiyo karatasi ndiyo ushahidi wenu iwapo baadaye jiwe litavunjika.

Sanamu za zege zina ugonjwa wake. Ndani mna nondo. Maji yakiingia kwenye ufa nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linasukumwa nje. Ukiona mstari wa rangi ya kahawia unashuka kwenye mguu wa sanamu, ujue ndani hali ni mbaya. Dawa ni kubomoa sehemu iliyooza mpaka nondo ionekane, kuisugua mpaka chuma cheupe, kuipaka dawa ya kutu, ndipo uzibe. Ukipiga plasta juu ya kutu unaficha tu.

Sasa kuhamisha. Kabla ya kugusa chochote piga picha pande zote, pima, andika kila ufa. Mawe yaliyopangwa yapewe namba kwa vibao vya kufunga na kamba, msiandike kwa rangi. Msingi mpya ujengwe kwanza ukauke, ndipo mnara ung'olewe, usije ukalala chini miezi ukisubiri fedha. Winchi itumie mikanda ya nailoni, minyororo inang'ata kingo. Pini za kushikilia ziwe za chuma kisichoshika kutu. Na msingi uwe na njia ya kutoa maji, kwa sababu mvua ya Machi hadi Mei hapa kwetu hamuiwezi.

Nimalize na jambo gumu. Sanamu ya zege iliyomiminwa pamoja na msingi wake haing'oki kama bulabu. Inakatwa kwa msumeno wa almasi, na kama nondo zimeoza inaweza kufia mikononi. Hiyo naomba ipimwe na mhandisi kwanza. Ikionekana haiwezi safari, iacheni hapo hapo mkaitengenezee kivuko cha miguu.

Kijana wa Old Moshi

Nasoma kwa makini, ila nataka niweke wazi mapema: Old Moshi msiguse.

Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, aliwashinda Wajerumani Juni 1892, na kamanda wao von Bülow akafa katika mapigano hayo. Mwaka uliofuata walirudi na jeshi kubwa wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha, watu 19 kwa jumla. Mti aliponyongewa upo. Kila anayepanda kutoka mjini anakwenda kuuona ule mti, anasimama chini yake. Ukitengeneza kinyago cha Meli ukakiweka stesheni, wageni watapiga picha pale wapande gari waende zao, na huku juu hatafika mtu.

Halafu bado msiba wetu haujaisha. Fuvu la Meli linaaminika lilipelekwa Ujerumani na familia inalitafuta miaka yote. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha fuvu moja walilo nalo na ukoo wa Akida, aliyekuwa mshauri wa Meli. Mtu aliyenyongwa mwaka 1900, ndugu zake wakajulishwa alipo baada ya zaidi ya miaka 120! Hili si jambo la kupanga kwenye bustani wakati mifupa haijarudi.

Mjukuu wa Keya

Aika mbe. Umesema kweli tupu na naikubali yote. Mahali palipomwagika damu pabaki palipo. Mti wa Meli haung'olewi, na makaburi hayahamishwi kwa sababu yangu. Ninachoomba kwa Old Moshi ni jiwe moja mwanzoni mwa njia, lisilo na sanamu, linalosema nini kilitokea kule juu, tarehe gani, na barabara ya kupandia ni ipi. Limsukume mtu apande. Maneno yake muandike ninyi wenyewe wa Old Moshi, sisi wa mjini tuchonge mlichoandika.

Mstaafu wa Halmashauri

Nimefanya kazi serikali za mitaa muda mrefu, nisaidie upande wa vibali ili msije mkakwama katikati.

Kwanza jueni barabara ni ya nani. Mzunguko ukiwa kwenye barabara kuu mnaongea na TANROADS, ukiwa barabara ya mtaa ni TARURA. Manispaa peke yake haiwezi kuwapa ruhusa ya kuchimba hapo. Eneo la stesheni ni la Shirika la Reli, na tangu treni ya abiria irudi Moshi mwishoni mwa 2019 wanalihitaji, kwa hiyo msiende na ramani iliyokwisha kuchorwa. Nendeni na swali: ni kipande gani hamkitumii?

Pili, makaburi yana sheria yake, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Msichanganye mnara na kaburi kwenye barua moja. Mkiandika "kuhamisha kumbukumbu za vita" mtu wa ofisini atasoma "kuhamisha makaburi", faili litakwenda kwingine kabisa. Na yale ya Jumuiya ya Madola yaacheni, Tume yao msimamo wake ni kwamba marehemu wasisumbuliwe.

Tatu, mshirikisheni afisa utamaduni na idara ya Mambo ya Kale tangu barua ya kwanza. Wakishirikishwa mwishoni wanakuwa hawana la kufanya ila kuuliza kwa nini hawakuulizwa, na wanakuwa na haki.

Mama Majengo

Mimi naomba nisionekane napinga, baba zetu wote wamepitia huko. Lakini wanangu, nimesikia mawe, winchi, graniti. Sijasikia taa. Njia ya miguu isiyo na taa, jioni mtoto wa kike hapiti. Sijasikia choo. Sijasikia nani atafagia baada ya siku ya uzinduzi, viongozi wakishaondoka na suti zao.

Na jingine. Kila sanamu ya vita ninayoiona ina mwanamume na bunduki. Wanaume walipochukuliwa, shamba alilima nani? Bibi yangu alibaki na watoto, mume yuko Burma, barua anasomewa na mwalimu wa kanisani. Kagera vivyo hivyo, wajane wako humu mtaani, wengine tunasali nao. Mkichonga majina ya waliokwenda bila neno kuhusu waliobaki, njia yenu ina nusu ya habari.

Fundi Mawe

Mama shikamoo. La taa ni kweli na linaokoa hata mawe. Vibao vya shaba gizani haviponi, waokota vyuma chakavu wanavitoa kwa tindo usiku mmoja. Ushauri wangu: kibao cha shaba cha asili kiwekwe ndani, makumbusho au ofisini kwenye kabati, nje iwe nakala iliyochongwa kwenye graniti. Graniti haina bei kwa muuza chuma.

Mwalimu wa Historia

Namshukuru Mama kwa kufungua mlango huo, kwa sababu kuna kundi jingine ambalo uzi mzima umelipita: wapagazi.

Vita ya 1914 hadi 1918 upande wetu ilibebwa kichwani. Malori hayakuweza, ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo unga, risasi na hata vipande vya mizinga vilibebwa na watu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki. Waliokufa ni makumi kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko risasi. Wajerumani nao walichukua watu kwa nguvu, vijiji kwa vijiji, na kuondoka na chakula chao.

Na majina yao? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Mzungu aliyekufa alipata jiwe lenye jina, namba na kikosi. Mpagazi aliyekufa njia hiyo hiyo, wiki hiyo hiyo, alipata sentensi ya jumla. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ya 1927 inawataja wapagazi kwa heshima, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini hakuna hata jina moja.

Ndiyo maana nasema, njia hii ikikarabati mawe yaliyopo tu, itaurudia ubaguzi ule ule kwa graniti mpya. Kiini chake kiwe wapagazi. Cape Town walizindua Januari 2025 kumbukumbu ya Waafrika 1,772 waliotumikia jeshi bila silaha na kufa katika vita ile, ndani ya bustani ya mjini ambako watu hupita kila siku. Kila mtu ana nguzo yake ya mti na jina lake. Mtu anatembea katikati yao. Sisi tunaweza kuanza na majina machache ambayo koo zinayajua, tukaacha nafasi wazi.

Mtauliza kuhusu askari waliokuwa upande wa Mjerumani. Nami nasema wawekwe. Ndugu wa kihamba kimoja waliweza kujikuta pande mbili, na wengi hawakuchagua. Lakini iandikwe wazi walimtumikia nani na jeshi lile lilifanya nini vijijini. Maandishi yawe marefu pale ambapo mambo ni magumu.

Hapo Dar, kabla ya Askari, palikuwa na sanamu ya von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliiondoa, ikafika Hamburg, ikasimamishwa chuo kikuu mwaka 1922. Wanafunzi wakaiangusha 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Sanamu ilihamishwa mabara mawili na maneno yake ya kumsifu yakiwa yale yale. Tukihamisha vyetu, tuyapitie na maneno.

Mpiganaji wa 79

Vijana nimewasoma. Mimi nilikuwepo. Nilivuka Mutukula, nilifika Kampala.

Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, viongozi wanaweka mkuki na ngao, tunapiga saluti, inatosha kwa siku hiyo. Wenzangu wengine wamelala Kaboya, kule Kagera. Kutoka huku hadi Kaboya ni safari ya siku nzima na zaidi, na mama wa marehemu mmoja ninayemfahamu alifariki bila kufika.

Sihitaji sanamu. Nataka jina la mtoto wake liwe mahali ambapo mdogo wake anaweza kupita akienda sokoni.

Mjukuu wa Keya

Mzee wangu shikamoo. Pokea heshima zetu.

Wa Arusha

Marahaba kwa wote, hongereni. Huku kwetu tuna Mnara wa Azimio na Mnara wa Saa, wote katikati ya magari. Wa Azimio afadhali, makumbusho yake yako jirani. Lakini Longido, ambako Waingereza walirudishwa nyuma tarehe 3 Novemba 1914, wakati huo huo na mapigano ya Tanga, watalii wanapapita kwenda kupanda mlima na hawajui. Mkianza ninyi, sisi tutaiga. Ila naunga mkono Old Moshi: wazee wa Meru na Arusha walionyongwa siku ile na Meli watajwe kwa makabila yao kwenye lile jiwe la mwanzo, isiwe habari ya Wachaga peke yao.

Kijana wa Old Moshi

Hilo halina ubishi. Walikufa pamoja.

Mjukuu wa Keya

Wakuu, basi niweke tulipofika, ili anayeingia sasa asianze upya.

Old Moshi na makaburi yote yanabaki. Sanamu ya kiplefti inapimwa na mhandisi kabla ya neno lolote la kuhamisha, na kama haiwezi, tunaomba kivuko na kibao cha kusomea upande wa watembea kwa miguu. Barua ya kwanza inakwenda kwa manispaa, nakala kwa Shirika la Reli, afisa utamaduni na Mambo ya Kale, ikiuliza kipande cha ardhi. Mstaafu, naomba uipitie kabla haijatumwa. Taa na choo vinaingia kwenye makadirio tangu ukurasa wa kwanza, mama umesikika. Jiwe la wapagazi linatangulia mengine yote kujengwa, na jiwe la waliobaki nyumbani linasimama kando yake.

Kazi ya leo ni majina. Aliye na babu au bibi, mpagazi, Keya au mpiganaji wa Kagera, aulize nyumbani jina kamili, kijiji, na alikotumwa. Kama kuna medali, cheti cha kuachishwa jeshi au barua, mpige picha mbele na nyuma. Msiyaweke hapa hadharani kabla familia haijakubali, nitumieni ujumbe binafsi. Mwalimu amekubali kuyapokea na kuyalinganisha.

Fundi Mawe

Ongeza na makaburi ya vihambani yenye maandishi yanayofifia. Waambie wasiyapake rangi kabla sijafika na karatasi.

Mama Majengo

Mimi nina majina mawili. Moja ni la bibi. Nalo mtalipokea?

Mwalimu wa Historia

Tunalipokea, mama. Niandikie na jina la kijiji alicholima.